Uhamisho wa Baba Askofu

Uhamisho wa Bibi ulitangazwa asubuhi, kwenye chai, kabla mkate haujamfikia mwenye nyumba.

"Baada ya sala na tafakari," alisema Baba Askofu, akigonga kikombe kwa kijiko ili watu wanyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa anaongea, "tumeona vyema kwamba Bibi ahame chumba cha nyuma, aende kulala sebuleni. Chumba cha nyuma kitakuwa kikanisa. Uhamisho huu unaanza mara moja."

Fundi Cheche alibaki na mkono hewani, nusu ya njia kuelekea sahani ya mkate. Huyo Bibi anayehamishwa alikuwa mama yake mzazi. Nyumba hiyo aliijenga yeye mwenyewe, tofali juu ya tofali, na madirisha yote aliyachomelea kwa mkono wake. Na huyo anayesema "tumeona" alikuwa mtu mmoja tu, askofu mstaafu wa miaka sabini na mitano mwenye kikofia cha zambarau kichwani na kandambili miguuni, kaka wa mkewe, aliyekuja na masanduku mawili akasema anapita tu.

"Mmeona mko wangapi?" aliuliza Bibi, akichovya mkate wake kwenye chai. "Mimi sijaona kitu."

"Mama, ni namna tu ya kusema," mke wa Fundi aliingilia haraka haraka.

"Hiyo ni namna yake. Yangu ni hii: sijapokea. Kikanisa akaweke chumbani kwake. Mungu hahitaji kitanda."

Jamani! Katika Kanisa lao padre akihamishwa ana jibu moja tu: nimepokea, Baba. Baba Askofu alikuwa amelisikia jibu hilo kwa miaka thelathini na miwili ya uaskofu, asubuhi na jioni, kwa mapadre vijana na mapadre wazee, wengine wakilitamka huku machozi yanawalengalenga. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia "sijapokea," tena mdomo umejaa mkate. Alimtazama Bibi, akamtazama dada yake, kisha akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Fundi alitaka kusema neno. Lilifika mpaka kwenye koo. Lakini huyu ndiye aliyempa kipaimara kabla ya ndoa yake, na kile kibao kidogo cha shavuni ambacho maaskofu huwapa watu siku hiyo, Fundi aliapa mpaka leo kwamba cha kwake kilikuwa kizito kuliko vya wenzake. Akameza neno, akachukua mkate.

Na wala mambo hayakuanza na Bibi. Kwanza kilihamishwa kiti. Fundi alikuwa na kiti chake cha chuma mkabala na mlango, alichokitengeneza kwa vipimo vya mgongo wake mwenyewe, maana mgongo wa fundi wa kuchomelea si mgongo wa kila mtu. Siku ya pili tu Baba Askofu akakikalia, na aliyezoea kukaa mbele hawezi kuambiwa asogee. Fundi akahamia kigoda cha jikoni. Halafu kuku wakahamishwa kutoka nyuma ya nyumba kwenda ubavuni, kwa sababu za kichungaji. Kisha paka akahamishwa kutoka jikoni kwenda bandani, na huyo ndiye pekee aliyekaidi waziwazi. Alirudi siku hiyo hiyo na akalala juu ya kikofia cha zambarau.

Si kwamba alikuwa mtu mbaya, la. Alikuwa ameongoza jimbo zima. Alijenga shule, alijenga zahanati, alizika watu huku mifugo ikimtazama, alilala kwenye vigango ambavyo hata ramani haivijui. Tatizo ni kwamba kwa miaka yote hiyo kulikuwa na mpishi, dereva, katibu na masista wawili, na sasa wote walikuwa wamegeuka dada yake mmoja, mwalimu wa chekechea. Siku alipofika kwa teksi alikaa ndani ya gari kimya, mikono magotini. Dereva wa teksi akangoja. Watoto wa jirani wakakusanyika kuangalia. Ni dada yake aliyeng'amua mwishoni, akakimbia kumfungulia mlango.

"Pole, kaka. Umekaa sana?"

"Nilidhani mna maandalizi," alijibu.

&nbsp;

Karakana ya Fundi Cheche ilikuwa mbele ya nyumba, chini ya bati, hatua chache kutoka dirisha la chumba cha mgeni. Hapo ndipo ugali wa nyumba nzima ulipotoka: madirisha, mageti, vitanda vya chuma, madawati. Umeme wa mtaa wao ulikuwa na tabia ya kukatika alfajiri na kurudi karibu na saa sita mchana. Na saa sita mchana ndiyo Baba Askofu alikuwa na sala. Saa tisa alikuwa na sala. Saa kumi na moja alikuwa na masifu ya jioni. Ungedhani yeye na watu wa umeme walipanga ratiba kwenye meza moja.

Siku ile, umeme uliporudi, Fundi aliwasha grainda akaanza kulainisha maungio ya geti kubwa lililolala juu ya mawe. Cheche hazijafika hata chini, dirisha likafunguka.

"Bwana Fundi."

Grainda ikazimwa. "Naam, Baba Askofu."

"Ni saa sita."

"Naam. Umeme nao umerudi."

"Mungu ndiye ameurudisha. Tumshukuru kwanza." Dirisha likafungwa.

Fundi akakaa juu ya geti akamshukuru Mungu kwa meno yaliyokazwa. Geti lile lilikuwa kazi ya jimbo, la nyumba ya mapadre wazee, na jana yake tu mhasibu wa jimbo alipita kulikagua.

"Ijumaa, Fundi," mhasibu alisema. "Geti la zamani limeanguka. Mbuzi wanaingia wanakula maua ya mapadre wazee, na mapadre wazee wananipigia simu mimi, kama vile mimi ndiye mbuzi."

"Ijumaa litakuwa limesimama, bosi wangu."

"Lisiposimama, kazi hii nampa yule fundi wa stendi. Na madawati ya shule nampa yeye vilevile. Sina ugomvi na wewe, lakini nina mbuzi."

Madawati ya shule ndiyo yaliyokuwa yamshughulishe Fundi mpaka mwakani. Akiyakosa, ataanza kutembeza nyundo mitaani kuuliza nani ana kufuli limekwama. Alijua hivyo, mkewe alijua hivyo, hata paka nadhani alijua. Lakini kulikuwa na sharti moja la ajabu ambalo mkewe alimpa tangu mwanzo: asimtajie Baba Askofu nyumba ya mapadre wazee. Asiitaje kabisa.

"Kwani ina nini?" Fundi aliuliza.

"Wewe usiitaje tu. Nakuomba, mume wangu."

Kwa hiyo kila jioni Baba Askofu alipotoka kunyoosha miguu, walikuwa na mazungumzo yale yale.

"Geti zuri sana. La nani?"

"La mteja, Baba Askofu."

"Mteja huyo ana nyumba kubwa."

"Ana wageni wengi."

"Wageni ni baraka," alisema Baba Askofu, na Fundi akainama kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

&nbsp;

Jumatano Fundi alikwenda mjini kununua bawaba nene za kubebea geti lile. Aliporudi alisikia nyumba inaimba. Wimbo wa kwaya, tena kwa sauti zote nne, kwenye ukumbi wake mwembamba wa kupitia vyumbani. Akaingia na bawaba zake kwapani, akasimama kama amepigwa msumari.

Ukumbini kulikuwa na kitanda. Kwenye kila pembe ya kitanda kulikuwa na mwanakwaya anayetokwa jasho. Na juu ya kitanda, amekaa wima, mto mgongoni, khanga imefungwa kifuani kwa ukali, alikuwa Bibi.

"Wamenibeba," alisema Bibi. "Niliwaambia sitoki kitandani. Wakasema hewala, wakanibeba na kitanda."

"Baba Askofu ametutuma, Fundi," alisema mwanakwaya mmoja, hatazami juu. "Tungefanyaje?"

"Na huko kuimba?"

"Ni ili tuinue pamoja."

"Wameniimbia, mwanangu," Bibi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikatetemeka. "Nimebebwa na watu wanne wananiimbia ya kanisani. Nilidhani nimekufa na hakuna aliyeniambia."

Hapo Fundi akaona giza. Aliweka bawaba chini polepole, na hao wanaomjua wanasema mtu wa karakana akiweka chuma chini polepole, kimbia. Akapita ubavuni mwa kitanda, akaingia chumba cha nyuma. Baba Askofu alikuwa juu ya kigoda cha jikoni, kile kile alichohamishiwa Fundi, akijaribu kupiga msumari wa kutundikia msalaba. Nyundo ameishika karibu na kichwa kama mtu aliyeshika kijiko. Kidole gumba kimeshavimba.

"Hata nyundo yangu!" alisema Fundi.

Akaichukua. Akagonga nayo fremu ya mlango mara tatu, nyumba nzima ikanyamaza, kwaya na kuku.

"Baada ya sala na tafakari," alisema Fundi Cheche, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza, "sala sijasali, na tafakari nimeifanya sasa hivi hapa mlangoni, nimeona vyema kwamba wewe, shemeji, uhame! Na uhamisho huu unaanza mara moja!"

Miaka yote ya ndoa hajawahi kumwita shemeji. Wala wewe. Mkewe, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka shuleni na chaki mkononi, alishika ukuta.

Baba Askofu alishuka kwenye kigoda. Alinyanyua mkono, watu wakadhani anakemea au anabariki, kwake vilifanana. Kumbe anavua kikofia. Akakishika kwa mikono miwili kifuani, akainamisha kichwa chake chenye mvi mbele ya shemeji yake.

"Nimepokea," alisema.

Fundi alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

"Wapi?" aliuliza Baba Askofu, taratibu.

"Wapi nini?"

"Nahamia wapi?"

Fundi alifungua mdomo. Hakuwa amefika huko. Hasira ilimbeba mpaka mlangoni tu, haikumpa anuani.

"Utaambiwa!" akafoka.

Baba Askofu akatikisa kichwa kukubali. "Ndivyo nilivyokuwa nawajibu mapadre," alisema, akapita katikati ya wanakwaya, akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

&nbsp;

Jikoni, mke wa Fundi alikuwa anakata vitunguu kwa kasi ambayo haikuwa ya vitunguu. Kitanda cha Bibi kilisharudishwa mahali pake, safari hii bila wimbo.

"Sema basi," Fundi alimwambia. "Nitukane tumalize."

"Sikutukani. Mama umemtetea, ni mama yako, na mimi ningefanya hivyo hivyo." Akafuta pua kwa kiganja. "Lakini umemfukuza mtu asiye na pa kwenda."

"Nyumba ya mapadre wazee si ipo? Ina vyumba, ina mpishi, ina bustani. Nawatengenezea geti mimi!"

"Kule wapo watatu aliowahamisha yeye."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mmoja wao ni Padre Milima. Alikuwa paroko wa kanisa kuu, mwenye nguvu, hodari, watu wanampenda. Siku moja kwenye kikao akanyanyua mkono akasema paa jipya la kanisa litavuja, limelala mno. Mbele ya watu. Kaka akaona amedharauliwa. Wiki hiyo hiyo akampeleka parokia ya milimani, kule gari halifiki. Akamwambia ni kwa muda."

"Na paa?"

"Lilivuja mvua ya kwanza. Waumini walipokea komunyo na miamvuli."

"Na Padre?"

"Miaka kumi na tisa."

Fundi akapiga mluzi.

"Kaka alivyostaafu walimpeleka kwenye nyumba ile," mkewe aliendelea. "Akafika mpaka mlangoni. Akamsikia yule Padre anacheka ndani, na wenzake wanacheka. Akamwambia dereva ageuze gari. Ndiyo ukamwona hapa na masanduku yake mawili, anapita tu."

Fundi alikaa. Alipapasa kiti nyuma yake, akakumbuka kigoda kiko chumba cha nyuma, nusura akae chini. Alijisikia vibaya, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba alijisikia vibaya huku ana haki.

Akaenda kubisha hodi kwenye mlango wa chumba cha mgeni. Ndani, kitanda kilikuwa kimetandikwa, masanduku yamefungwa, na Baba Askofu amekaa ukingoni amevaa koti kama mtu anayengoja basi.

"Umeshafungasha?"

"Mara moja ni mara moja." Akagusa sanduku moja kwa ncha ya kiatu. "Inachukua muda mfupi sana. Nilikuwa nawapa siku tatu, nikidhani nawaonea huruma."

Fundi akatazama kidole kilichovimba.

"Shemeji," alisema Baba Askofu, na neno hilo lilitoka kwa shida kama kiatu kipya. "Leo asubuhi nilikwenda dukani kununua wembe. Nikasimama kwenye kaunta, nikangoja watu wanyamaze. Hawakunyamaza. Muuzaji akaniambia, mzee, kama hununui, pisha. Mzee! Nikapisha. Nikarudi nikiwa nimekasirika, nikataka pawe na mahali, hata padogo tu, ambapo nikisema neno jambo linatendeka. Ndiyo nikaita kwaya."

"Ukambeba mama yangu."

"Nikambeba mama yako. Nimekosa. Nimeshaona hilo." Akafungua kifungo cha koti. "Sikujua tumbo linakuwa hivi."

"Linakuwaje?"

"Mtu akisema nimepokea. Linakuwa kama la mtoto aliyeachwa shuleni siku ya kwanza, anaona mama yake anatokomea. Mimi nilikuwa nawaona nyuso zao tu. Nyuso zilikuwa zinatii."

Fundi Cheche alijikuna shingo. Alikuwa mtu wa vyuma, maneno laini hayakukaa vizuri mdomoni mwake. Akasimama wima, mikono nyuma, kama alivyoona maaskofu wanasimama.

"Kituo chako kipya kimepatikana," alisema. "Karakanani. Kesho saa mbili. Kuna ovaroli ya kijani nyuma ya mlango."

"Nikafanye nini huko?"

"Ukashike upande wa pili. Kila siku kazi yangu inakwama kwa kukosa mtu wa kushika upande wa pili."

Baba Askofu alivua koti. "Kwa muda gani?"

Fundi alifikiri. "Kwa muda," akasema.

Baba Askofu akafumba macho, kama mtu aliyekanyagwa mguu wenye kidonda.

&nbsp;

Jambo la kwanza lililoleta shida lilikuwa pete. Fundi alimweleza kwamba haruhusu pete karakanani, chuma kikishika moto pete nayo inashika, na kidole kinaondoka na sherehe yake. Baba Askofu akavuta. Haikutoka. Ilikuwa imekaa pale tangu siku ya kuwekwa wakfu, watu wasiohesabika wameibusu, na kidole kimenenepa kuizunguka. Akaitwa Bibi. Bibi akaja na sabuni ya kufulia na beseni, akamketisha, akaanza kumsugua kidole.

"Wewe umenihamisha," alimwambia, akivuta.

"Nimekosa, Bibi."

"Tulia. Usitikisike." Akavuta tena, pete ikatoka na kuruka, paka akaikimbilia. "Haya. Dhambi imetoka na pete. Nenda kazini."

Kazi yenyewe, lo! Alishika upande wa pili kwa uchungaji mkubwa lakini aliuinua wakati wa kuushusha. Alitazama moto bila miwani nyeusi, akakaa siku nzima akiona nyota. Alipaka rangi ya kuzuia kutu kwenye geti, kwenye ovaroli, na kwenye kuku mmoja aliyepita kwa bahati mbaya. Wateja waliokuja walipiga magoti kubusu mkono, wakabaki na midomo myekundu. Fundi alikemea, akakemea, kisha akaona haya kukemea, kisha akazoea akaendelea kukemea.

Alhamisi saa sita mchana umeme uliporudi, Fundi alishika grainda halafu akasita. Alitazama jua, akamtazama shemeji yake.

"Washa," alisema Baba Askofu.

"Na sala?"

"Mimi nitasali kwa sauti. Tuone nani ana mapafu."

Akasali kwa sauti, grainda inalia, cheche zinaruka, na jirani wa ng'ambo akafungua dirisha kuangalia kama kuna mtu anachinjwa. Jioni geti lilikuwa limekamilika. Baba Askofu alilizunguka, mikono kiunoni, rangi mpaka kwenye nyusi, akalipapasa sehemu ile aliyoishika yeye.

"Sasa unaweza kuniambia," alisema. "La nani?"

Fundi alimtazama mkewe, aliyekuwa mlangoni. Mkewe akageuza uso.

"La nyumba ya mapadre wazee," alisema Fundi.

Baba Askofu aliondoa mkono kwenye geti kana kwamba bado lina moto.

"Mimi nitabaki kulinda mashine," alisema mwishowe. "Mashine ni za gharama."

"Shemeji. Geti lile halibebwi na mtu mmoja. Kwaya sitaiita mimi. Ama twende wawili, ama Ijumaa ipite na madawati yaende stendi."

"Ni amri?"

Fundi alitaka kusema ndiyo, ingekuwa rahisi. "Hapana," akasema. "Ni ombi. Nakuomba."

Baba Askofu aliingia ndani. Usiku huo hakula. Asubuhi Fundi alimkuta amekaa kwenye kiti cha mbele cha gari la mizigo, amevaa ovaroli, mikono magotini. Fundi alizunguka upande wa dereva. Safari hii mlango alishaufungua mwenyewe.

&nbsp;

Padre Milima alikuwa mzee mwembamba, kiziwi kidogo wa sikio moja, na fimbo aliyoitumia zaidi kwa mbuzi kuliko kwa kutembelea. Walimkuta nje akimfukuza beberu kwenye waridi.

"Fundi! Umefika! Huyu shetani amekula mpaka..." Alikuwa amemwona aliyeshika upande wa pili wa geti, ovaroli ya kijani, rangi nyekundu kwenye nyusi, kichwa wazi. Alisogea, akakaza macho.

"Baba Askofu?"

"Padre."

"Unafanya nini hapo?"

"Nimehamishwa."

"Wewe? Na nani?"

"Na shemeji." Alimwonyesha Fundi kwa kidevu, maana mikono ilikuwa imebeba geti. Fundi alitamani ardhi impokee.

Padre Milima aliegemea fimbo yake. "Kwa muda gani?"

Baba Askofu alitazama chini, akatazama geti, kisha akainua macho.

"Amesema kwa muda," alijibu.

Padre Milima alimtazama. Midomo ikamcheza. Halafu kicheko kikamtoka, si cha adabu, kicheko kutoka chini kabisa tumboni. Akaketi juu ya jiwe, akapiga goti kwa kiganja. "Kwa muda! Jamani, njooni! Njooni msikie! Amehamishwa kwa muda!" Wazee wengine wawili wakatokeza barazani, mmoja na leso shingoni, mmoja na karata mkononi, wakasikia, wakaanza nao kucheka wakishikana mabega. Beberu akarudi kwenye waridi, hakuna aliyemjali.

Baba Askofu alisimama pale pale. Hakuweza kuondoka, geti lingemwangukia Fundi. Uso wake ulikuwa umeiva. Fundi akamwonea huruma kweli kweli. Akajiona mpumbavu kwa kumleta.

"Padre," alisema Baba Askofu, kicheko kilipopungua. "Paa lilivuja."

"Najua. Tulisikia mpaka milimani."

"Ulisema kweli, nami nikakupeleka kule kwa sababu ulisema kweli mbele ya watu. Nilijua siku ile ile. Mvua ilivyonyesha nilijua zaidi. Kila mwaka nilisema mwakani nitamrudisha, na kila mwaka nikaona aibu. Nisamehe."

Hakuna aliyecheka tena. Padre Milima alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Ilimchukua muda kusimama kutoka kwenye jiwe. Akaweka fimbo yake chini, akaja akashika geti katikati.

"Inua upande wako," alisema. "Geti likisimama tutaongea. Nina miaka kumi na tisa ya kukusimulia, na siku zetu zilizobaki ni chache, kwa hiyo utakuja mara nyingi."

Waliliinua watatu, Fundi akapachika bawaba, akachomelea, akajaribu. Geti likafunguka na kujifunga bila hata kulia. Mhasibu alipita na pikipiki, akasimama kuangalia, akamtazama yule mzee wa ovaroli mara mbili, akaondoka bila kuuliza, ila alisema madawati yaanze Jumatatu.

Fundi alipokwisha kupakia vifaa, alikuta geti limeshafungwa na yeye yuko nje. Ndani, kupitia fito za chuma, Baba Askofu alikuwa ameshika birika la chai, anageuzageuza kutafuta mahali pa kulifungulia.

"Huku kila mtu anajichemshia," Padre Milima alikuwa anamwambia. "Utazoea. Ni kwa muda."

Baba Askofu alimwona Fundi, akasogea getini na birika lake.

"Shemeji, wamenipa chumba. Na kesho?"

"Kesho saa mbili, karakanani," alisema Fundi Cheche. "Na Jumapili uje kula. Namjua Bibi, atasema ukae kwenye kigoda."

Baba Askofu akatabasamu, akainamisha kichwa.

"Nimepokea," alisema.